Linta ya Baba Timazi

Jina lake la shule analo, zuri tu, lakini ukija mtaani kwetu ukaulizia kwa jina hilo utarudi ulikotoka. Sema Timazi, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha mlango. Baba yake ndiye aliyempachika. Alikuwa fundi mwashi, na siku za likizo alikuwa akienda naye kazini, anamkabidhi ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, wanayoning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Mtoto anaishika pale pale alipowekwa, hatikisiki hata inzi atue puani. Nilikuwa nikimwambia shemeji, mtoto wa watu unamchosha. Ananijibu, "Huyu ndiye timazi wangu, niache."

Mimi ni mama yake mdogo. Nashona nguo, na kwa hiyo na mimi naitwa fundi, ingawa shemeji hakuwa akikubali. Alikuwa akinitania kwamba ufundi gani huo ambao kazi yake inafuliwa na kuanikwa. Nilikuwa nampenda shemeji yangu. Nalisema hili mapema, kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu adhani nilikuwa na kinyongo naye tangu zamani.

Alianza kuijenga nyumba ya dada yangu kwa mikono yake. Akachimba msingi, akainua kuta mpaka zikafika vichwa vya milango na madirisha. Hapo pakabaki linta, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu na kuzifunga kuta zote pamoja, na baada yake ni kupaua na kuhamia. Basi kazi zikakata. Mafundi wakawa wanashinda wamekaa juu ya mifuko ya saruji mitupu wakicheza karata. Akapata mtu wa kumpeleka nchi ya mbali, wanakojenga maghorofa usiku na mchana, akaondoka. Siku ya kuondoka alimshika dada yangu mkono akamwambia, "Linta msiimwage. Nitaimwaga mwenyewe nikirudi. Na mtu asipande ukuta wangu."

Tukasubiri. Timazi akamaliza shule ya msingi tunasubiri, akanipita urefu tunasubiri, akaingia chuo tunasubiri.

Sisi watatu tunaishi vyumba viwili vya kupanga. Cherehani yangu iko dirishani, na kitanda changu kiko nyuma ya cherehani, kwa hiyo nikiamka niko kazini tayari. Dada yangu anafua mashuka ya hospitali. Anarudi vidole vimekunjamana kwa maji, anakaa, anavitazama, halafu anaanza kupika. Kiwanja hakiko mbali, unakwenda kwa miguu. Kila Jumapili mchana dada alikuwa akienda kung'oa majani yaliyoota ndani ya zile kuta. Mwanzoni nilikuwa nikimsindikiza, nikaacha, kwa sababu nilikuwa nashindwa kuvumilia. Dada yangu haingii mle kwa kupita popote tu. Anapita penye mlango, anafuta miguu, anasema, "Twende sebuleni." Sebuleni kuna magugu na mjusi. Anaonyesha mahali pa kabati. Chumbani kwake anasimama kidogo, anatoka.

Timazi alipochagua kusomea usimamizi wa ujenzi, watu walimshangaa. Jirani mmoja, mama mwenye mdomo kuliko wangu, na hilo si jambo dogo, akauliza kwa nini asisomee uuguzi kama wasichana wenzake, akashinde kwenye jua na vumbi kutafuta nini. Nilimjibu ninavyojua mimi kujibu, hakurudi tena kushonesha. Lakini na mimi nilikuwa na swali lile lile moyoni, basi jioni moja nikamuuliza Timazi anachokitafuta huko.

Alikuwa anachonga penseli. Akasema, "Mama mdogo, mafundi hawaondoki kwa kupenda. Wanaondoka kwa sababu hapa hakuna wa kuwaita kazini. Mimi nataka niwe yule anayeita."

"Uite nani?"

"Wa kwanza kabisa, baba."

Nikaona bora niendelee kushona. Niliona kabisa kwamba mtoto huyu hajaenda chuo kutafuta cheti. Amekwenda kumrudisha baba yake nyumbani, na njia aliyoiona ni hiyo, asome mpaka awe na kazi ya kumpa.

Akasoma, basi. Sijawahi kuona mtu anasoma vile. Akajifunza kusoma ramani za majengo, kukadiria vifaa, kuendesha kikao cha mafundi bila kupigiwa kelele. Nyumbani hapakukalika. Alikuja na kipimamaji akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akaniambia meza imeinama upande wa mlango. Nikamwambia imeinama tangu hujazaliwa na watu wanavaa suruali zilizonyooka. Akaniambia ninakata vitambaa kabla vipimo vyote havijafika, ndiyo maana wateja wananigombeza, kila kazi ina ile inayoitangulia, na ukiruka moja unajikwamisha mwenyewe. Nilimnunia. Halafu nikafanya kama alivyosema, kimya kimya, na kweli kazi ikaenda. Sikumwambia, angevimba kichwa.

Kwa mafunzo ya vitendo walimpeleka saiti moja ya shule ya ghorofa. Kofia ngumu aliyopewa ilikuwa kubwa, ikabidi avae kitambaa chini yake, na hicho nilikishona mimi. Jioni anarudi na saruji kwenye nyusi, anasimulia, ameona zege limemwagwa mpaka likaisha bila kusimama, amemgomea kibarua aliyetaka kuongeza maji ili liwe jepesi. Anacheka. Halafu katikati ya kucheka anasema, "Baba angeona hili." Na chumba kizima kinapoa.

Mwaka wa mwisho mwalimu wao akawapa kazi. Kila mmoja achague jengo la kweli ambalo halijaisha, alipangie ratiba ya kulimaliza, kazi hii kisha ile, mpaka ufunguo. Wenzake wakachagua majengo makubwa ya mjini. Timazi akachagua nyumba ya mama yake. Akaipima kuta zote, akachora ratiba safi, ukiitazama unaweza kuhamia. Lakini kati ya kuta na linta aliacha mwanya.

Siku ya kuieleza mbele ya darasa, mwalimu akaweka kidole kwenye ule mwanya. "Hapa kazi inasubiri nini?"

"Inasubiri fundi."

"Fundi yupi?"

Timazi akasema, "Baba."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, si mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba ratiba haifungwi kwa mtu mmoja. Fundi akikosekana, msimamizi anatafuta mwingine, na asiyeweza kufanya hivyo bado hajawa msimamizi. Akamwambia airekebishe, au hatampitisha.

Alikuja nyumbani hakugusa chakula. Kesho yake akachukua nyundo akaenda kiwanjani, mimi nikamfuata kwa sababu uso wake haukunipendeza. Akapanda juu ya pipa, akaanza kugonga matofali ya juu, moja moja, anasikiliza. Kila alipogonga, ile saruji ya kati ya tofali na tofali ilikuwa inamwagika kama unga.

"Ukuta unakufa, mama mdogo," akasema. "Umenyeshewa miaka yote hii bila kitu juu. Mvua zinazokuja zikiupata hivi hivi, itabidi uangushwe."

"Wote?"

"Upande huu wote. Labda na wa chumbani kwa mama."

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana mchana. Hapakuwa na muda wa kuchezea.

Alikwenda kwa Fundi Kimya. Huyu walijifunza kazi pamoja na shemeji, wakashika mwiko wa kwanza siku moja, na anaitwa hivyo kwa sababu ukimpa habari ya msiba au ya harusi jibu lake ni lile lile, anatikisa kichwa. Siku hiyo lakini alisema. Alisema ukuta wa mwenzake haugusi bila kauli yake. Timazi akambembeleza, akamweleza habari za unga na mvua, akamweleza yote aliyosomeshwa chuoni. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, unayosema ni kweli tupu. Lakini yeye yu hai. Nikipanda pale bila yeye kujua, siku akirudi nitamtazama usoni vipi? Nipatie neno lake tu. Hata kwa simu."

Akajaribu kwa wengine. Wote wanamjua shemeji, wote wakajibu hivyo hivyo. Mafundi wana mambo yao, fundi mwenzao akiacha ukuta njiani ni kama ameacha koti lake kwenye kiti, hakikalii mtu.

Ikabaki kumpigia baba. Hapo dada yangu akawa mkali kuliko nilivyowahi kumwona.

"Baba yako alisema asubiriwe, atasubiriwa."

"Mama, ukuta hautasubiri."

"Basi na uanguke."

Nikatia mdomo wangu. Nikasema dada, mtoto anauliza neno moja tu, kosa liko wapi. Akanigeukia. "Wewe shona."

Nikashona. Nilidhani ni kiburi chake. Dada yangu hajawahi kumpigia mumewe simu hata siku moja, anasubiri kupigiwa. Zamani simu ilikuwa inalia kila Jumapili. Baadaye ikawa kwa sikukuu. Baadaye ikawa anapokumbuka, na anapokumbuka anatuma chochote na salamu, mnaendeleaje, mimi mzima, basi. Nilijisemea, dada yangu anaumia, hataki kuonekana anamfuata mtu. Sikujua kitu.

Wiki ile ile, mkandarasi wa ile saiti akamwambia Timazi akimaliza chuo aende moja kwa moja, kuna nafasi ya msimamizi msaidizi, na kuna jengo jipya linaanza, anatafuta mafundi wazuri. Mtoto alikuja anakimbia. Ile kazi aliyoisomea, ya kumwita baba, ilikuwa imepatikana. Hakungoja ruhusa tena. Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, mchana kweupe, akapiga. Mimi sisikii vizuri sikio moja, cherehani imeliharibu, basi akaweka simu sauti kubwa juu ya meza, katikati ya vipande vya kitambaa.

Akapokea. "Timazi wangu!" Sauti ile ile. Nikajikuta natabasamu, mpumbavu mimi.

Wakacheka, wakajuliana hali. Timazi akamwambia habari za nafasi, habari za jengo jipya. Akavuta pumzi. "Nimekupatia kazi, baba. Hapa hapa nyumbani. Nimeshawaambia kuna fundi."

Baba akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa bosi wangu?"

"Ndiyo."

"Nikichelewa utanifukuza?"

"Njoo kwanza uchelewe."

Akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. Akasema amefurahi mno, kwamba atamwambia kila mtu huko kazini kuwa binti yake ni meneja. Hakusema atakuja. Timazi alisubiri aseme, mimi nilisubiri aseme. Nilipoinua macho nikamwona dada yangu amesimama mlangoni na mfuko wake wa kazini mkononi. Sijui aliingia saa ngapi. Hakusogea.

"Na kuna habari ya linta," Timazi akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Ukuta unaharibika. Fundi Kimya anataka kauli yako. Nimwambie asubiri?"

Angeweza kuuliza, nimwambie amwage? Hakuuliza hivyo. Alimwekea baba yake neno mdomoni, alikuwa anamwomba alitamke.

Shemeji akakohoa. "Mwambie Kimya amwage."

"Ulisema utaimwaga mwenyewe."

"Nilisema."

"Tunaweza kufunika na turubai, baba. Mvua zikipita ukaja, hata ukuta ukianguka tutainua mwingine, mimi mwenyewe nitasimamia, si lazima iwe mwaka huu."

"Timazi." Akamkatiza. "Msinisubiri, mama. Mwageni, mpaue, mama yako aingie ndani. Mimi huku nimeshajenga."

Sisi wote watatu tulielewa. Fundi aliyewajengea watu maisha yake yote akisema amejenga, hazungumzii kazi ya tajiri. Ana nyumba. Ina paa. Na nyumba yenyewe hakuijenga ili akae na kuta.

Damu ilinipanda. Nilinyoosha mkono kuichukua simu nimpe vidonge vyake, nilikuwa navyo vingi, nimevilimbikiza miaka. Dada yangu akasema, "Mwache." Akaja mezani, akaweka mfuko chini, akainamia simu na kusema kwa upole, "Tumesikia, baba Timazi." Akaikata yeye.

Hakuna aliyekaa vizuri. Timazi alikuwa anamtazama mama yake. "Ulijua."

"Zamani alikuwa hakati simu kabla ya kuuliza habari za ukuta. Umefunikwa? Mbuzi hawapandi? Nyufa zipo? Mpaka nilikuwa nachoka." Akaanza kuokota vipande vya kitambaa changu mezani, anavipanga. "Halafu akaacha kuuliza. Siku aliyoacha, nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Kwa nini kila siku unasema asubiriwe, asubiriwe?"

Dada akaendelea kupanga vipande. "Wewe ulikuwa unasoma ili arudi. Ningekwambia harudi, ungesoma kwa ajili ya nini?"



Miaka yote hiyo mimi nilikuwa namwona dada yangu ni mtu wa kujidanganya, anang'oa majani sebuleni kwa watu wasiokuwepo. Kumbe alikuwa anakwenda kule peke yake na jambo analolijua, anarudi nyumbani anapika, anamwuliza mtoto amesoma nini leo. Niliinuka nikamkumbatia, na yeye akaniambia nisimkunjie nguo ya kazi.

Neno likafikishwa kwa Fundi Kimya. Alitikisa kichwa muda mrefu, kisha akaja na mafundi wake kabla ya mvua. Timazi aliiondoa ile mistari mibovu ya matofali ya juu, ikarudishiwa mipya, mbao zikapigwa, nondo zikafungwa. Siku ya kumwaga alisimama katikati na ile kofia kubwa, anawaita watu kazini. Wewe kokoto, wewe maji, wewe usiongeze kitu mpaka niseme. Wanaume wa umri wa baba yake walikuwa wanamwitikia. Sitasema uongo, nilijivuna mpaka nikawa nawasalimia watu nisioongea nao.

Ndoo ya kwanza ilipofika juu, dada yangu akamwita. "Likishakauka hili zege, linaweza kutolewa?"

"Halitoki, mama."

Dada alizitazama zile mbao zilivyozunguka nyumba nzima. "Haya. Mwageni."

Wakamwaga mpaka likaisha, bila kusimama. Mafundi wakaanza kuosha makoleo na kuuliza chakula. Kila mtu alikuwa anampongeza Timazi. Mwalimu wake ameshampitisha, kazi anayo, nyumba ya mama yake sasa itapauliwa. Alikuwa anawajibu wote vizuri, asante mjomba, asante baba mkubwa. Halafu nikamkosa. Nikamkuta nyuma, upande wa chumba cha mama yake, amekaa juu ya mchanga uliobaki, kofia mapajani, analia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Nikakaa pale pale kwenye mchanga. Nikamwambia ameifanya kazi nzuri, hakuna ambaye angeifanya vizuri zaidi.

"Sikutaka nyumba, mama mdogo," akasema. "Nilitaka aje."